Jina la Bibi Katika Hitma ya Shaabani

Mabawa, Tanga
Ijumaa, 2 Machi 1956

Kwa dada yangu mpenzi Mwanamkasi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo dada. Hujambo wewe? Shemeji hajambo, na wajukuu wote? Goti lako limepoa, au bado lakuuma ukishuka kisimani? Sisi huku wazima, alhamdulillah, ila kuku watatu wamekufa kwa kideri, na bati la jikoni limeanza kuvuja palepale linapovuja kila masika.

Katika barua yako ya mwisho ulinilaumu. Ulisema, "Uweso, wewe huniandikia mtu akifa tu, nikiuona mwandiko wako moyo wanipasuka kabla sijaifungua bahasha." Umesema kweli, na nimeona haya. Basi nimenunua daftari. Nitakuandikia siku zenyewe kama zijavyo, mpaka Ramadhani iandame, kisha nikupelekee lote kwa meli ya Pemba. Usicheke mwandiko. Wajua niliishia darasa la nne, na kalamu mkononi mwa mpishi ni kama mwiko mkononi mwa karani.

Habari kubwa ni kwamba mwanangu Sabiha ameposwa. Kijana anaitwa Mahadhi, karani wa reli, mpole, anaswali. Baba yake ni Mzee Hatibu wa Kigombe, wa ukoo wa majumbe, na hilo hakuachi ulisahau. Wanataka ndoa baada ya Idi. Mzee huyo alikuja barazani kwangu, akanywa kahawa vikombe vitatu, akauliza nasaba yetu kama mtu abonyezaye maembe sokoni. Baba nani? Babu nani? Bibi mzaa baba nani? Nikamjibu kama marehemu baba alivyotufundisha: Fatuma binti Saidi, mtoto wa mfanyabiashara wa Lamu. Akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Wewe na mimi twajua, dada. Saidi alikuwa bwana aliyemmiliki bibi, mwenye shamba la miwa Pangani. Hakuwa baba yake. Asmahani mke wangu nilimwambia mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, naye akaniambia nisimwambie mtu mwingine maishani. Sikumwambia.

Jumapili, 4 Machi

Mvua kutwa. Sikutoka ila msikitini.

Jumanne, 6 Machi

Leo hospitali, katika wodi ninayoipikia, ameletwa mtu wa ajabu. Ni Mwafrika mtupu kwa sura, mrefu, mweusi kunishinda, lakini hajui Kiswahili hata cha kuombea maji. Ni Mmarekani. Ni mpishi wa meli iliyokuja kupakia katani. Robota lilimwangukia ghalani likamvunja mguu chini ya goti, na meli haikuweza kumngoja. Jina lake Ernesti. Karani alisoma hati yake kwanza akasema apelekwe wodi ya Wazungu, kwa kuwa ni raia wa Marekani. Kisha akainua macho akamwona mwenyewe. Akaletwa kwetu.

Dresa Fanueli, mfunga vidonda wetu, ndiye aliyempokea, kwa kuwa Kiingereza anakijua. Huyu Fanueli ni Mluteri, Msambaa aliyezaliwa karibu na Amani, ambako baba yake alikuwa akiwachotea maji Wazungu wa utafiti wa miti. Tunataniana tangu alipofika; mimi humwita mla viazi. Mmarekani alisema neno, Fanueli akacheka mpaka akashika kitanda.

"Amesemaje?" nikamwuliza.

"Amesema amevuka bahari mbili ili aje kuukuta mlango uleule."

Alhamisi, 8 Machi

Ernesti hali. Uji ameurudisha, ugali ameutazama kama mtu atazamaye jiwe. Nikaenda kitandani kwake na Fanueli kumwuliza kwao hula nini. Akasema, kunde na wali, vipikwe chungu kimoja. Dada, nilitaka kumkumbatia! Nikapika wali wa kunde kwa tui zito na bamia kando. Alipoonja alifumba macho. Kisha akasema kitu kirefu.

"Anasema ni kama wa mama yake," Fanueli akafasiri, "ila pamepungua nyama ya nguruwe."

Nikafunika sufuria papo hapo. "Mwambie ale wa mama yangu basi."

Wodi ikacheka. Akala sahani mbili.

Ijumaa, 9 Machi

Mvua. Nimeweka ndoo mbili jikoni, moja haitoshi.

Jumatatu, 12 Machi

Ernesti amepata barua ya dada yake, imemfuata bandari hata bandari. Huyo dada anaitwa Ruthi, ana miaka hamsini na mitano, hufua nguo katika nyumba za Wazungu, mji wa Montgomeri, Alabama. Fanueli aliisoma kwa sauti, wagonjwa wote wakageuka kusikiliza.

Kumbe kule, katika mabasi, mtu mweusi hukaa nyuma, na Mzungu akikosa kiti mweusi huinuka ampishe, hata akiwa mzee, hata akiwa mja mzito. Basi tangu Desemba weusi wa mji mzima wamekata shauri wasiyapande. Wanatembea. Ruthi hutembea maili nne kwenda na nne kurudi, kila siku, na viatu vyake vimetoboka akatia karatasi ngumu ndani. Ameandika kwamba akifika nyumbani huitia miguu katika beseni la maji ya chumvi, akasali, akalala, na kesho akaondoka tena.

Yupo mzee mmoja wa Kidigo kitanda cha pembeni, ana henia, husemi naye ila kwa kelele. Akauliza, "Na mabasi je?"

"Yanapita," Fanueli akasema.

"Yanapita na nani?"

"Na dereva."

"Peke yake?"

"Peke yake, babu."

"Wallahi?" Mzee akaketi kitako, akasahau henia yake. "Basi tupu! Siku ngapi?"

"Mwezi wa nne huu."

Mzee akacheka mpaka muuguzi akaja kumkemea. Baadaye akaniita akaniambia nimpelekee Mmarekani sahani yake ya ndizi, nimwambie ni ya miguu ya dada yake.

Jumatano, 14 Machi

Shaabani imeandama. Leo Ernesti kaja jikoni kwangu kwa magongo, akaketi juu ya gunia la mchele, akatwaa kisu akaanza kumenya viazi bila kuombwa. Anamenya vizuri, ganda jembamba. Fanueli akaja kujikinga mvua, nasi tukakaa watatu. Nikamwambia Fanueli amwulize, watu wake walifikaje huko kutoka utumwani mpaka wakawa na ujasiri wa kuacha basi lipite tupu?

Dada, alisimulia mpaka viazi vikaisha akaomba vitunguu. Alimtaja mwanamke mmoja, Harieti, aliyetoroka utumwani. Alipokwisha kuwa huru akarudi kulekule, mara kumi na zaidi, kuwatoa wengine kwa miguu, porini, na mwindaji hakumpata. Akamtaja daktari mmoja mweusi, Druu, aliyekuwa miongoni mwa walioonyesha jinsi ya kuihifadhi damu ya mtu ili imfae mgonjwa mwingine. Fanueli aliposikia hayo alisimama kabisa. "Damu tunayowatundikia wagonjwa?" "Ndiyo." Akatoka nje akasimama barazani akitazama mvua, akarudi. Akamtaja pia mtaalamu aitwaye Kava, aliyezaliwa mtumwa akawa bingwa wa mimea, aliyewafundisha wakulima maskini kupanda karanga na kuzitumia kwa mamia ya mambo.

"Karanga?" nikasema. "Serikali ingemwuliza huyo kabla ya kwenda Kongwa!"

Fanueli alipomfasiria Ernesti alilazimika kumweleza habari yote ya shamba la karanga la Kongwa, matrekta na fedha zilizofukiwa ardhini. Ernesti alicheka mpaka gongo likaanguka.

Kisha akatulia. Akasema kwao kila Februari kuna wiki moja ya kuwakumbuka hao wote. Aliyeianzisha ni msomi, mtoto wa watu waliokuwa watumwa, aliyefungua vitabu vya nchi asiwaone watu wake ndani. Ernesti mwaka huu ilimpita akiwa baharini. Katika kanisa la kwao, wiki hiyo, kila mtu husimama akamtaja aliyemzaa, na aliyemzaa huyo, mpaka afike kwa yule aliyekuwa mtumwa; kwake yeye Ernesti ni bibi yake, na soko alilouzwa alinitajia. Akifika hapo watu wote hupiga makofi.

"Hupiga makofi kwa nani?" nikauliza.

"Kwa mtumwa."

"Kwa mtumwa?"

"Anasema yeye hasa ndiye wa kupigiwa, kwa kuwa alivumilia ili wao wawepo."

Nikakoroga sufuria isiyohitaji kukorogwa. Kisha huruma ikanishika: mtu imempita siku ya kuwakumbuka wafu wake, yuko ugenini, mguu mbovu, hana hata wa kumpikia. Nikamwambia Fanueli, "Mwambie tutamfanyia hapa. Hitma ya mtaa yaja, kisomo cha wafu cha Shaabani."

Fanueli akaguna. "Uweso, hiyo si hitma. Kwao huimba, huhutubia, watoto husoma mashairi."

"Huwakumbuka wafu?"

"Ndiyo, lakini..."

"Basi ni hitma. Wamesahau wali tu."

Ijumaa, 16 Machi

Baada ya swala nilimfuata Maalim Idarusi. Nilidhani atanifukuza. Wamjua alivyo, hata paka akipita mbele ya msala humtajia hadithi. Akanisikiliza, akapekecha tasbihi.

"Uweso, asiyekuwa Muislamu hasomewi hitma."

"Najua, Maalim."

"Wajua, na umekuja."

"Nimekuja, Maalim."

Akacheka kidogo, jambo ambalo sijaliona tangu mfungo wa mwaka juzi. Akasema, "Sisi tutawasomea wafu wetu, kama kila Shaabani. Yeye mgeni, na mgeni ana haki ya kuketi na kula. Kabla ya kusoma majina ataniomba ruhusa amtaje bibi yake, nami nitampa. Kumtaja bibi hakujaharamishwa. Jumapili, si hii ya kesho kutwa, ile ya pili, asubuhi, chuoni kwangu. Kila nyumba ilete karatasi ya majina kama desturi."

Jumamosi, 17 Machi

Asmahani amefurahi. Amesema tuwaalike Mzee Hatibu na nduguye, waone mtaa unavyotuheshimu. Ameazima masufuria mawili kwa jirani. Mvua.

Jumatano, 21 Machi

Leo nimefanya jambo baya. Ernesti alikuwa akinisaidia kuchagua mchele wa hitma, akaniuliza, kupitia kwa Fanueli, "Nawe utamtaja nani siku hiyo?"

Nikasema bibi yangu, Fatuma binti Saidi, wa Lamu, mtoto wa mfanyabiashara. Nilisema upesi, kama mtoto asomaye sura aliyopigiwa mboko. Ernesti akatikisa kichwa kwa heshima, akasema ana furaha kumjua. Akaendelea kutoa mawe katika mchele.

Dada, sijawahi kuona haya kwa uongo huo miaka arobaini. Leo nimeona. Mtu huyu amenitajia soko alilouzwa bibi yake, nami nikampa mfanyabiashara wa Lamu.

Alhamisi, 22 Machi

Nimempelekea Maalim karatasi. Nimeandika: Fatuma binti Saidi. Ni kwa ajili ya Sabiha.

Jumapili, 25 Machi

Leo ni siku ndefu, nami nitaiandika yote, kwa kuwa inakuhusu wewe kama inavyonihusu mimi. Isome ukiwa umekaa.

Chuo cha Kurani cha Maalim kilijaa. Wanaume mbele, wanawake nyuma ya pazia, na mvua juu ya bati mpaka Maalim akawa anapaza sauti. Mzee Hatibu alikaa karibu na kibla, kanzu nyeupe kuliko zetu zote, na nduguye kando yake. Ernesti tulimwekea kiti kwa sababu ya mguu. Aliona haya kukaa juu ya watu, akaomba ashuke mkekani; tukamzuia. Fanueli alikaa chini ya kiti kile, Mluteri mzima, amevua viatu, amekunja miguu kama mtoto wa chuoni. Nikamnong'oneza, "Mla viazi, leo umeingia." Akanijibu, "Nimefuata wali."

Juzuu zikagawiwa, tukasoma mpaka tukahitimu. Kisha Maalim akamwashiria mgeni.

Ernesti alizungumza polepole, Fanueli akifuata. Akasema bibi yake aliitwa Dina. Aliuzwa mnadani akiwa na miaka saba, siku moja na nyumbu wawili, na nyumbu walipata bei kubwa zaidi. Alipokuwa na kumi na miwili vita vikaisha, akaambiwa yu huru, akauliza, "Niende wapi?" Akazaa watoto tisa. Alipofika miaka sitini mjukuu wake mmoja akamfundisha herufi jioni baada ya kazi, na siku alipoweza, alitwaa kipande cha mkaa akaandika neno lake la kwanza ukutani. Hakuandika jina lake. Aliandika jina la mama yake, aliyetenganishwa naye siku ile ya mnada. Na nyumba ile ilipopakwa chokaa, pale hapakupakwa.

Akasema, "Katika watu hao ndimo alimotoka Harieti, na Daktari Druu, na Kava, na dada yangu Ruthi anayetembea leo. Sisi hatukuanza na wakubwa. Tulianza na Dina."

Hata mvua kama ilipungua. Kisha nyuma ya pazia mwanamke mmoja akapiga kigelegele, kimoja tu, wenzake wakamziba mdomo kwa kuwa hitmani hakupigwi vigelegele. Maalim akajifanya hakusikia. Akasema, "Mashaallah," akazitwaa karatasi za majina.

Anasoma jina, tunaitikia Amin. Anasoma jina, Amin. Nami nahesabu moyoni, nyumba baada ya nyumba, yangu inakuja. Nilikuwa nimetulia, dada. Naapa sikuwa na nia yoyote. Akasoma, "Fatuma binti Saidi." Watu wakasema Amin. Mimi sikuweza. Mdomo ulifunguka, Amin haikutoka. Nikamwona bibi kama alivyokuwa akituparia samaki uani, kisigino chake kimepasuka, nikaona kwamba watu hawa wote wanamwombea mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa, na yeye bibi yuko pale pembeni, kila Shaabani, miaka arobaini, anangoja aitwe.

Nikasema, "Maalim, tafadhali. Rudi hapo."

Maalim akainua miwani. "Wapi?"

"Jina hilo silo. Ni jina tulilovaa kama kanzu ya kuazima. Bibi yangu aliitwa Faida. Saidi hakuwa baba yake, alikuwa bwana wake, wa shamba la miwa, Pangani. Aliletwa kutoka bara akiwa mtoto, akakata miwa mpaka bwana alipougua mauti akamwacha huru kwa kutaka thawabu. Mimi ni mjukuu wake. Naomba asomwe yeye."

Sikutazama upande wa Mzee Hatibu. Nilisikia tu mguno wa nduguye.

Maalim akatwaa kalamu, akakata pale penye Fatuma, akaandika. "Faida binti nani?"

"Sijui, Maalim. Pawe wazi."

Akaiweka kalamu, akasema, "Mola wake anamjua kwa jina lake na la waliomzaa. Faida, mja wa Mwenyezi Mungu. Al-Fatiha."

Chuo kizima kikasoma. Sijapata kuisikia Fatiha kama ile.

Nduguye Mzee Hatibu aliinuka katikati akatoka. Mzee Hatibu mwenyewe alikaa mpaka mwisho, akajipangusa uso kwa viganja, akavaa viatu akaondoka bila kuonja wali. Kuondoka hitmani bila kula, wajua maana yake. Watu wakashughulika na sahani ili wasinitazame.

Ernesti alimwuliza Fanueli kumetokea nini, Fanueli akamwambia. Yule bwana akaanza kupiga makofi, peke yake, juu ya kiti, machozi yakimtoka. Fanueli akamshika mikono yote miwili, taratibu, akaishusha. "Hapa hatupigi," akamwambia. Lakini hakuiachia mikono ile.

Jumatatu, 26 Machi

Asmahani amesema neno moja tu: "Wafu hawaolewi, Uweso. Aliyekuwa akiolewa ni mwanao." Kisha akanyamaza, na kunyamaza kwake unakujua.

Jumanne, 27 Machi

Mvua. Hajasema nami.

Jumatano, 28 Machi

Mvua. Hajasema nami. Ila Sabiha alinijia barazani nikishona kiatu, akaketi. Macho yamemvimba. Nilijua atanilaumu, na ana haki. Akasema, "Baba, alikuwa mrefu au mfupi?"

"Nani?"

"Bibi Faida."

Nikamwambia alikuwa mfupi, na hakuweza kupita penye muwa bila kuugusa. Akaniuliza mengine, nikampa niliyo nayo. Kidogo sana, dada. Nilikuwa mdogo. Mlangoni nikaona kanga ya Asmahani; alikuwa amesimama anasikiliza.

Ijumaa, 30 Machi

Kimya kutoka Kigombe. Mtaani wengine wanapunguza salamu. Mmoja aliniita "mjukuu wa Pangani" sokoni, nikaitika. Nilidhani itauma zaidi.

Jumatatu, 2 Aprili

Fanueli yuko katika Pasaka yake, kaniletea mkate. Ernesti ameondoka leo na meli ya kampuni yao, mguu bado katika plasta, atapikia ameketi. Bandarini aliniambia, akitumia Kiswahili chake chote, "Uweso, kunde nzuri. Bibi nzuri." Mengine alimwachia Fanueli: kwamba Februari ijayo, kanisani kwao, akishamtaja Dina atamtaja na Faida, na watu watapiga makofi wasijue Pangani iko wapi. Nikamwambia amsalimie Ruthi. Mabasi bado yanapita matupu, na naomba Mungu ampe miguu.

Alhamisi, 5 Aprili

Mvua. Asmahani ameniuliza kama nataka chai.

Jumamosi, 7 Aprili

Amekuja Mzee Hatibu. Peke yake, matope mpaka magotini, kwa kuwa gari la Kigombe limekwama njiani akatembea. Nilidhani amekuja kuvunja posa. Nilimkaribisha, akakaa, akakataa kahawa.

"Bwana Uweso, umenivunjia heshima."

"Nimekuvunjia, mzee. Si chuoni. Hapa barazani, siku ile ya kwanza, niliposema Lamu. Naomba radhi."

Akanitazama. Nadhani alikuwa amejiandaa kwa jibu jingine. "Nilikwenda kwa Maalim Idarusi. Nikamwambia, hapa kufu hakuna, nasaba hazilingani, posa nivunje? Wajua alivyonijibu? 'Kufu huangaliwa ili mume asiwe chini ya mke. Wewe una mtoto wa kiume. Wauliza kufu ya nini? Rudi nyumbani ukale.'"

Nyuma ya mlango nikasikia Asmahani anakohoa, kikohozi cha mtu anayezuia kicheko.

"Basi nikamwuliza mwanangu," akaendelea. "Nikamwambia, Mahadhi, watu hawa wametudanganya. Akanijibu: 'Baba, mtu aliyeitaja aibu yake mbele ya mtaa mzima, tena mkwe akimsikia, atanificha nini tena?' Nimekesha na neno hilo. Nikajiuliza, sisi wa Kigombe twajua majina ya majumbe saba kwenda juu. Majina ya waliowalimia majumbe hao hatujui hata moja. Na chakula tulikula."

Dada, mimi nilimdhania Mzee Hatibu ni kanzu na kilemba tu. Nilimdhulumu.

Akasema, "Ndugu yangu hatakuja harusini. Amekula kiapo. Mimi nitakuja. Ndoa iwe baada ya Idi kama tulivyosema."

Asmahani akatoka na kahawa kabla sijaita, na halua aliyokuwa ameificha sijui tangu lini. Mzee akanywa. Kisha akatoa karatasi mfukoni mwa kanzu. "Kwetu Kigombe, kabla ya harusi, twawasomea wazee wa pande zote mbili. Wenu nimewaandika. Huyu bibi nimemwandika. Faida binti nani?"

Nikamwambia sijui. Akasema, "Basi tafuta. Kwangu hatasomwa nusu."

Jumanne, 10 Aprili

Kesho kutwa huenda tukafunga, na meli ya Pemba inaondoka kesho, kwa hiyo leo nalifunga daftari. Mtaa unanukia vyakula vya kuvunja jungu, na Asmahani ananiita nionje mchuzi, tena ananiita kwa jina langu.

Sasa dada yangu, nakuomba radhi kwa lililo kubwa. Bibi alikuwa wako kabla ya kuwa wangu, na nimelitaja jina lake mbele ya watu bila idhini yako. Huko Pemba wamekujua miaka yote kwa mjukuu wa binti Saidi wa Lamu, na shemeji pia. Habari hizi zitafika, na pengine zimekwisha kufika kabla ya daftari hili. Mimi nilipata Maalim wa kunisitiri, nawe sijui umepata nani. Ukinikasirikia una haki, na ukiamua kukaa kimya na watu wa huko, mimi sitakutaja.

Lakini wewe ndiye uliyelala naye mkeka mmoja mpaka alipofariki. Baba aliwahi kuniambia kwamba usiku ule wa mwisho bibi aliita mama yake, kwa lugha ya bara, na wewe ulisikia. Kama unalikumbuka jina hilo, hata nusu yake, hata sauti tu, liandike kama ulivyolisikia. Sabiha kila siku aniuliza. Mzee Hatibu ameiweka karatasi yake wazi mpaka Idi.

Tafadhali nijibu upesi, dada, hata ikiwa ni kwa kunigombeza.

Ni mimi nduguyo,
Uweso